Mwenye Meza ya Kwanza

Kama unatafuta mzee mpole wa kukaa karibu naye upate hekima, huyu siye. Fundi ana mdomo. Anakufunga mchezo, halafu anakueleza ulivyofungwa, na ukitaka kuondoka anakushika mkono wa shati mpaka amalize. Miaka tisa nimekaa mbele yake Jumamosi kwa Jumamosi, na siku nyingi nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Siku hizi nasikia watu wakimzungumzia kwa sauti ya msibani, eti masikini Fundi, eti mkono wake jamani. Naandika haya kwa sababu huruma hiyo imenichosha.

Tunamwita Fundi kwa kuwa ni fundi saa. Ana kimeza cha kioo kwenye baraza la duka la vitambaa, mtaa wa Miembeni, na lenzi nyeusi ambayo anaibana jichoni akiwa kazini. Simu zilipoingia, mafundi wenzake walihamia kwenye simu. Yeye alikataa kata kata. Alisema simu hata ukiiweka sikioni haina mashine inayogonga ukaisikiliza. Akabaki na saa za ukutani za makanisa na mashule, na wazee wachache wanaokuja kubadilisha betri na kupiga soga.

Jumamosi hufunga kimeza saa saba mchana na kupanda mtaa wa Bilele, klabuni. Klabu ni neno kubwa. Ni chumba cha nyuma cha mgahawa, meza sita, mbao sita, na kete ambazo baadhi zimepotea tukaziba nafasi kwa vifuniko vya soda. Vitabuni mchezo unaitwa sataranji, sisi tunasema chesi. Wachezaji ni walimu, dereva wa lori, muuguzi mmoja, karani mstaafu wa kahawa, na mimi ninayeuza madaftari na kalamu mjini. Hakuna ambaye jina lake linajulikana nje ya mkoa. Tunajua kiasi cha kuumizana, basi.

Lakini kanuni tunazo, na tunazishika. Ukigusa kete, umeicheza, hata kama kidole kiliteleza. Na mwenye meza ya kwanza hatoki mpaka afungwe. Anayeitaka meza anaandika jina lake ukutani kwa chaki, wanacheza mchezo mmoja, akishinda anakaa yeye. Wakitoka sare, meza inabaki kwa mwenyewe. Wageni wakija kutoka Mwanza, wa meza ya kwanza ndiye anayekutana na mkali wao. Nilipofika klabuni Fundi alikuwa amekaa hapo tayari, na alikuwa amekaa kama mtu aliyezaliwa kwenye kile kiti.

Mchezo wangu wa kwanza naye haukufika hata nusu ya chai yangu. Nilikuwa nimefundishwa chesi shuleni, bweni zima nilikuwa nikilifunga, nikajiona mtu. Fundi alinimaliza, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Umecheza kama mtu anayeomba ruhusa. Unasogeza kete halafu unanitazama usoni kuona kama nimekasirika."

"Sikukutazama," nikasema.

"Hata sasa unanitazama."

Nilitaka kumrushia farasi wake. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa sababu hiyo tu.

Ana misemo yake, na yote ni ya kuudhi. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza kete, Fundi humuuliza kama anangoja barua. Yeye ni Mlutheri na mkewe ni Mkatoliki, na kila Jumapili humsindikiza mama hadi mlangoni pa kanisa lake, ndipo naye ageuke kwenda kanisani kwake. Kwa hiyo maaskofu wawili wa ubaoni amewagawa: anayetembea kwenye miraba nyeupe ni wa mama, anayetembea kwenye nyeusi ni wake. "Kiwanja kimoja, kazi moja, na hawatagusana mpaka siku ya kiyama," husema. Karani mstaafu, ambaye ni Mkatoliki wa kwaya, ameshamwambia mara ngapi sijui kwamba utani huo umechuja. Fundi huurudia akiwepo yeye makusudi.

Ukimtaja mbele ya shangazi yangu kule kijijini Kagoma, shangazi hucheka mpaka afute macho. Ndiye aliyenilea, na mwaka wangu wa kwanza mjini hakupenda hata kidogo nishinde Jumamosi kwenye chumba cha wanaume. Alitaka nikifunga duka nipande gari la Muleba nirudi kijijini, nikasaidie kibanjani, migomba ipaliliwe. Nikamwambia Fundi sitakuja tena. Akaendelea kupanga kete zake, nami nikaumia kwamba hakunizuia.

Jumapili moja Fundi akatokea Kagoma na mkewe. Koti zito, viatu vimepigwa rangi, mkoba kwapani. Shangazi kuona mzee wa mjini amevaa hivyo na amekuja na mkewe, moja kwa moja akajua ni posa: huyu ana kijana wake. Mbio mbio akatuma majirani waitwe. Wageni wakapewa kahawa za kutafuna, zikaletwa senene, wale panzi wa kukaanga, zilizokuwa zimefichwa kabatini kwa ajili ya Krismasi. Mimi nikaambiwa nikabadili gauni. Watu wakakaa wima wakingoja neno.

Fundi akakohoa. Akafungua mkoba, akatoa ubao wa chesi, akauweka mezani katikati ya senene.

"Nimekuja kumwombea huyu binti," akasema, "Jumamosi."

"Jumamosi ipi?" shangazi akauliza. "Mbona haraka hivyo?"

"Zote."

Ilichukua muda mpaka ieleweke. Ilipoeleweka, baba mdogo mmoja alikasirika kweli, akasema senene zirudishwe kabatini. Lakini shangazi alikuwa ameshashikwa na kicheko. Alimwambia, "Waitu, mzee, wewe ni mwehu," na tangu siku hiyo Jumamosi zikawa zangu. Wakati wa kuondoka nilimshukuru. Alinijibu kwamba hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa sababu wengine wote klabuni wanacheza ovyo.

Ndivyo alivyo. Wema wake lazima aupake pilipili kwanza.

Mkono wa kulia ulianza kutetemeka kama miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni alisema ni chai ya rangi. Kisha akaacha kusema. Nilikuwepo kimezani pake siku dada mmoja alipoleta saa ndogo ya mkononi, ya marehemu mama yake. Fundi aliifungua, akaibana lenzi, akashika kile kikoleo chake chembamba. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaifunga tena na kumrudishia.

"Mkono wangu hauwezi hii," akamwambia. "Nitaiharibu. Itunze mpaka upate fundi mwingine."

Alisema wazi hivyo hivyo, mbele ya watu, kama anayesema duka halina sukari. Nikadhani basi na kwenye chesi atasema hivyo. Wapi! Jumamosi ile ile aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana kifundoni, akaanza kusogeza kete kwa mikono yote miwili kama anayebeba sufuria la moto. Muuguzi wetu akamwambia kwa upole kwamba si lazima, amtajie tu mpinzani anataka kete gani iende wapi, atasogezewa.

"Nani amekuomba?" Fundi akauliza.

Baadaye nilimkabili. Nikamwambia saa ya yule dada uliirudisha, mbona hapa unang'ang'ania? Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha kijinga. "Saa ilikuwa ya mtu," akasema. "Mfalme ni wangu. Nikimwangusha, nimemwangusha wangu."

Na alimwangusha mara kadhaa. Kidole kiligusa kete asiyoitaka, na kanuni ni kanuni, akaicheza, akapoteza michezo ya meza za pembeni ambayo angeshinda amefumba macho. Watu wakaanza kutazama dari kila zamu yake inapofika. Wakapendekeza kanuni ya kugusa isimhusu. Alisimama akasema siku mtakayopitisha hilo nahama klabu, na mtakuwa mmenifukuza. Meza ya kwanza, hata hivyo, hakuna aliyeichukua. Aliyeandika jina ukutani alifungwa.

Ndipo Mwenyekiti wa klabu alipokuja dukani kwangu. Ni mwalimu wa hesabu, si mtu mbaya, ila anapenda mambo yanyooke. Wageni wa Mwanza walikuwa waje mwezi unaofuata. "Tunamwaibisha mzee," akaniambia. "Atagusa kete vibaya mbele ya wageni, tutazame chini sote. Tumemwandalia cheo, atakuwa mlezi wa klabu. Kiti kizuri, anakaa pembeni, anatazama. Lakini hawezi kutoka mpaka afungwe, unamjua. Mfunge wewe. Kwako haitamuuma, wewe ni kama binti yake."

Nilimwambia aniondokee na huo ulezi wake. Akaondoka. Nikabaki nimeegemea maboksi ya madaftari na hasira yangu, na ndani ya hasira hiyo nikakuta kitu kingine ambacho sikukipenda. Niliitaka ile meza. Nimeitaka tangu siku aliyoniambia nacheza kama mtu anayeomba ruhusa. Sikuwahi kumfunga, sikuwahi hata kutoka naye sare. Ijumaa nikapita klabuni, nikaandika jina langu ukutani kwa chaki.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo utaniona mpumbavu zaidi ya nilivyo. Katika chesi, askari wako mdogo akivuka ubao wote hadi mstari wa mwisho, anageuka kuwa kete kubwa. Karibu kila mtu humgeuza malkia, kwa sababu malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Ukitaka unaweza kuomba ngome, au farasi, au askofu. Miji mingine mchezaji hujichukulia mwenyewe. Kwetu hapana. Kwetu mpinzani wako ndiye anayekupa: anamwokota malkia wako aliyemla mwanzoni, anakukabidhi kwa mikono miwili, nawe unampokea kwa mikono miwili. Dereva wa lori na karani, watu wanaotukanana mchezo mzima, hapo hunyamaza na kupeana kama watu waliolelewa. Na sijawahi kuona mtu akikataa malkia aliyepewa, akaomba kete nyingine. Wewe ungeanzaje? Mtu mzima amekunyooshea mikono miwili, umwambie hicho sikitaki?

Jumamosi hiyo mvua ilipiga bati tangu asubuhi. Fundi alisoma jina langu ukutani, akakaa. "Umetumwa?" akaniuliza.

"Mwenyekiti alinituma, nikamfukuza," nikasema. "Nimekuja mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, tukaanza.

Alicheza vizuri, vizuri mno. Saa nzima nilikuwa najitetea, kila nilipochungulia nakuta amefika kabla yangu. Halafu akataka kumchukua askofu, yule wake wa nyeusi, na mkono ukaruka. Kidole kikampiga farasi aliyekuwa jirani, farasi akalala chali.

Chumba kizima kilisikia. Watu walikuwa wameacha michezo yao na kutuzunguka, na wote wakatazama dari.

"Msimamishe tu, Fundi," nikasema. "Hukukusudia."

"Nimemgusa."

"Fundi, tafadhali."

"Nimemgusa!" Akamsimamisha farasi, akampeleka mahali pekee alipoweza kwenda, nami nikamla bure. Sitadanganya kwamba nilimla kwa huzuni. Nilimla kwa furaha.

Kuanzia hapo mtu mwingine angemlaza mfalme, ishara ya kukubali kushindwa, tukapeana mikono. Mwenyekiti alikuwa ameanza hata kumwandalia maneno. Fundi akaniuzia kila kete kwa gharama ya kete, akawala askari wangu mmoja baada ya mwingine, mpaka ubao ukabaki karibu mtupu. Yeye alikuwa na mfalme peke yake. Mimi nilikuwa na mfalme na askari mmoja, na askari huyo alibakiza hatua moja kufika.

"Mlaze, mzee," dereva akamwambia polepole. "Umepigana."

Fundi aliubana mkono wake kifundoni, akamsogeza mfalme wake ukingoni mwa ubao, akaketi.

Nikasukuma askari. Kabla sijamwachia vizuri, Fundi alikuwa ameshamwokota malkia wangu kutoka pembeni na kuninyooshea kwa mikono miwili. Ilikuwa ikitetemeka yote miwili. Malkia alikuwa akicheza cheza vidoleni, nikaona ataanguka sakafuni, nikaona aibu itakayomshika. Nikainama kidogo kwenye kiti, kama nilivyofunzwa Kagoma, nikampokea upesi, nikamweka ubaoni mahali pa askari.

Fundi akaegemea kiti. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Nicheze wapi?"

Nikatazama. Mfalme wake hakuwa ameshambuliwa. Lakini kulia malkia amemziba, kushoto malkia amemziba, mbele mfalme wangu amemziba. Hakuwa na kete nyingine ya kusogeza. Ilikuwa zamu yake na hakuwa na pa kukanyaga, na kanuni ya hapo hata mtoto anaijua: mfalme asiyeshambuliwa na asiye na pa kwenda hajafungwa. Ni sare. Ningeomba ngome, ambayo haipiti mshazari, badala ya malkia, angekuwa na nafasi moja tu ya kukimbilia, na hatua inayofuata ningemmaliza.

Sare. Meza ni ya mwenyewe.

Ukazuka ugomvi. Karani akapiga meza kwa kicheko, muuguzi akashika mdomo. Mwenyekiti akanijia usoni. "Umemwachia! Umemwachia makusudi, mbele ya watu wote!" Nikamwambia sijamwachia. Hakuna aliyenisadiki. Nilipogeuka kumtafuta Fundi, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka katika mvua ile ile.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Mwenyekiti akasema labda mambo yamejinyoosha yenyewe, wageni walikuwa waje wiki ile. Nikafunga duka mchana kweupe nikaenda nyumbani kwake.

Mkewe ndiye aliyefungua. "Mae! Afadhali umekuja," akasema. "Huyu mzee amenuna tangu siku ile. Redio hataki, chakula ananusa tu. Nikimuuliza, ananiambia nimuulize yule binti."

Nilimkuta sebuleni, mikono ameikalia. Hakunikaribisha. Nikapiga goti nikamsalimu, akaitikia nusu.

"Nijibu jambo moja," akasema. "Na usinidanganye, nina umri wa kujua. Ulinihurumia?"

Hapo ndipo nilipoelewa wiki mbili zile. Alikuwa na meza yake mkononi na hakujua kama ameishinda au amepewa sadaka. Watu wote mjini walikuwa wanasema amepewa. Na kama amepewa, afadhali angefungwa.

"Nikuhurumie?" nikasema, na hasira yote ikanipanda, nikasimama bila kuruhusiwa. "Wewe mzee! Umenitega! Umenitega kwa malezi yangu mwenyewe! Ulijua nikiona mikono miwili sitakataa. Nilikuwa nimekushika, umekwisha, nimeshafikiria hata nitakavyokaa kwenye hicho kiti! Niliitaka meza yako kuliko kitu chochote mwaka huu. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira mpaka mto ukalowa, na kesho yake nikachelewa kufungua duka!"

Mkewe alikuwa mlangoni ameshika kitambaa cha jikoni. Fundi akaitoa mikono aliyokuwa ameikalia, akaiweka magotini, ikatetemeka, akaiacha itetemeke.

"Ulilia?" akauliza.

"Nililia!"

"Mpaka mto ukalowa?"

"Fundi, usinichokoze."

Uso ukamfunguka wote. Miaka tisa ameniita binti, ameniita mwanafunzi, siku mbaya ameniita mzigo. Akageukia mlango. "Mama," akasema, "leta chai, na chakula kama kipo. Mpinzani wangu amekuja."

Nilikaa, lakini sikuwa nimepoa. Nikamwambia chai nitakunywa, na Jumamosi, wageni wawepo wasiwepo, naandika jina langu ukutani na ninakuja kuichukua hiyo meza.

"Njoo," akasema. "Mimi nipo."